Ukulele usharikani: so, do, mi, la

Usharika wetu wa Kilutheri hapa Dar es Salaam hauna upungufu wa muziki. Tuna kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya akina mama, kwaya ya uinjilisti, na kikundi cha matarumbeta ambacho sauti yake huwafikia hata majirani wasiokuwa na haja ya kuamshwa mapema siku ya Jumapili. Katika wingi huo, mtu akienda kwenye Baraza la Wazee kuomba kuanzisha kikundi kingine, tena cha ukulele, kigitaa kidogo cha nyuzi nne ambacho washarika wengi wamekiona kwenye simu tu, ni haki yake kuulizwa ni kitu gani hasa kinachokosekana. Nililiona swali hilo likija, na jibu nililokwenda nalo lilikuwa neno moja: jumuiya.

Anayesali kwenye jumuiya za nyumbani ataelewa mara moja. Kinanda hakitoki kanisani, kwa sababu ya uzito wake na kwa sababu kinataka umeme. Tarumbeta ndani ya sebule ya watu kumi na wawili ni adhabu. Kwa hiyo wimbo huanzishwa na yeyote mwenye ujasiri, na mwenye ujasiri mara nyingi huanzia juu. Ubeti wa kwanza huenda vizuri, kwenye kiitikio akina baba huacha kuimba mmoja baada ya mwingine, na ubeti wa tatu hubaki mikononi mwa akina mama wawili wanaojikaza hadi mishipa ya shingo inaonekana. Jumuiya haihitaji onyesho la muziki. Inahitaji chombo chepesi kinachobebwa mkononi, kinachotoa sauti ya kuanzia na kuishikilia hadi wimbo uishe, na ambacho mtu anaweza kukipiga huku yeye mwenyewe akiimba. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloiondoa filimbi.

Mzee mmoja wa kanisa aliuliza, kwa upole lakini kwa kumaanisha, kama hiki si chombo cha baa za ufukweni. Swali lake lilistahili historia kidogo. Mwezi Agosti 1879 meli iliyoitwa Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira cha Wareno, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye walianza kutengeneza vigitaa vidogo kwa kufuata mfano wa vile vya kwao. Wenyeji wa Hawaii wakavipenda, Mfalme Kalākaua akavikaribisha katika shughuli za ikulu, na chombo kikawa chao. Dada yake Kalākaua, Malkia Liliʻuokalani, alikuwa mtunzi wa nyimbo na alipata kuongoza kwaya na kupiga kinanda katika Kanisa la Kawaiahaʻo mjini Honolulu. Baa za ufukweni na watalii wenye mashada ya maua shingoni ni habari iliyokuja baadaye. Nikaongeza kwamba hata jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda humsifu Mungu kwa adungu, kinubi chao cha upinde chenye nyuzi nyingi, ambacho hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali ili kila sauti ipate chombo chake, na hakuna anayewauliza kama adungu imebatizwa. Mzee akacheka, na ruhusa ikatoka kwa sharti kwamba kikundi kiwe chini ya idara ya muziki ya usharika na kisigongane na ratiba ya mazoezi ya kwaya yoyote. Siku pekee iliyobaki wazi ilikuwa Jumamosi mchana, baada ya darasa la kipaimara.

Kuhusu chombo chenyewe nitasema machache, kwa kuwa wauzaji wanasema mengi. Ukulele za kawaida huja kwa saizi nne, yaani soprano, konseti, tenor na baritoni, na tatu za kwanza hulinganishwa nyuzi zake kwa namna moja, ndiyo maana zinaweza kupigwa pamoja bila shida. Baritoni hulinganishwa kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, kwa hiyo kwenye kundi la wanaoanza huleta mkanganyiko na ni afadhali isubiri. Soprano inawafaa watoto; mtu mzima mwenye vidole vinene apewe konseti, ambayo shingo yake ni ndefu kidogo na vidole havikanyagani. Katika joto na unyevu wa pwani ninapendekeza zile za mbao za tabaka zilizogandishwa, ambazo wajuzi wa Ulaya huzidharau, kwa kuwa hazipindi wala kupasuka upesi kama za ubao mzima usio na tabaka. Hata hizo zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu gundi inayoshika daraja la nyuzi hulegea. Nyuzi ni za nailoni, haziumizi vidole kama za chuma, lakini zikiwa mpya huendelea kunyooka kwa siku kadhaa, na mwanafunzi anapaswa kuambiwa mapema kwamba ukulele yake haijaharibika.

Sasa nifikie lile lililonifanya niamini kwamba kikundi hiki kingewezekana kwetu kwa urahisi kuliko kwa watu wengi wanaojifunza kwa kutazama video. Washarika wetu wengi, wakiwamo bibi ambao hawajawahi kushika chombo chochote cha muziki, wanasoma solfa, yaani noti zinazoandikwa kwa silabi za do, re, mi. Mfumo huo aliueneza mchungaji wa Kiingereza John Curwen katika karne ya 19, akiuendeleza kutoka kwa Sarah Glover wa Norwich, akiwa na lengo la kuwawezesha watu wa kawaida kuimba kwa sauti nne bila kujifunza mistari mitano ya nota. Wamisionari wakauleta Afrika, nasi tukaushika kuliko wenyewe. Sasa tazama nyuzi za ukulele zikipigwa wazi, kuanzia ule ulio karibu na kidevu, kwa majina ya noti ya herufi: G, C, E, A. Do ikiwa C, mwanakwaya hahitaji herufi hata moja kati ya hizo, kwa maana anachokisikia ni so, do, mi, la.

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza zima. Hatukugawa michoro ya vidole. Tulicharaza uzi mmoja mmoja, wote wakauimba kwa jina lake, mpaka ilipoonekana kwamba hata kulinganisha nyuzi wanaweza kuanza kukufanya kwa sikio kabla ya kuthibitisha kwa programu ya simu. Kisha nikamwomba bibi mmoja wa kwaya ya akina mama aweke kidole cha pete kwenye uzi wa la, nyuma kidogo ya kile chuma chembamba cha tatu kinachokatiza shingo, ambacho wapiga gitaa hukiita freti, halafu audonoe uzi huo peke yake. Aliudonoa, akauimba chini kwa chini, akauimba tena, akainua macho akasema, “Mwalimu, la imeondoka. Hii ni do.” Nikamwambia acharaze zote nne pamoja bila kuinua kidole. So, do, mi, do: kordi ya C, yaani sauti hizo zikilia pamoja, iliyo nyumba ya wimbo wowote ulioandikwa “Do ni C”. Alikuwa amejifunza kordi yake ya kwanza kwa kidole kimoja, na zaidi ya hapo alikuwa anajua ndani yake mna nini, jambo ambalo vijana wetu kadhaa wenye gitaa hawakuwa wamewahi kujiuliza.

Kordi ya F ilifuata kwa njia hiyohiyo. Kidole cha kati kinakwenda freti ya 2 ya uzi wa so na kuugeuza kuwa la, kidole cha shahada kinakwenda freti ya 1 ya uzi wa mi na kuugeuza kuwa fa, na zikipigwa zote zinatoa la, do, fa, la. Kordi ya G7 inataka vidole vitatu na inawatoa watu jasho, lakini masikio yao yaliikubali kabla ya mikono, kwa sababu inatoa so, re, fa, ti, na kila aliyewahi kuimba alto anajua kwamba ti haina raha mpaka ipande kwenda do, na fa haina raha mpaka ishuke kwenda mi. Sikulazimika kueleza kwa nini baada ya G7 tunarudi C. Walirudi wenyewe.

Kwa mikono iliyochelewa kuzoea G7, na hasa mikono ya wazee ambayo baridi yabisi imeikamata, tuligeukia mapambio. Mapambio mengi tunayoyaimba kwenye jumuiya yanaenda kwa kordi mbili tu, na yakihamishiwa kwenye kii ya F, yaani do ikiwa F, kordi hizo ni F, ambayo tayari wanaijua, na C7, ambayo ni kidole kimoja kwenye freti ya 1 ya uzi wa A. Hapa ilibidi niwakumbushe kwamba do imehama: nyuzi zilezile zilizokuwa so, do, mi, la sasa ni re, so, ti, mi. Mwanafunzi aliyejifunza kwa herufi peke yake hababaishwi na jambo hilo kwa sababu hata hajui kwamba limetokea. Wetu walibabaika kidogo, kisha wakafurahi, kwa sababu waliona kwamba wimbo ulioandikwa kwenye E flati, kii ambayo ukulele haiipendi, unaweza kuhamishiwa F au kushushwa hadi C kulingana na noti yake ya juu, bila kubadilisha hata silabi moja ya solfa iliyo kitabuni.

Kuna mambo ambayo niliyakataa tangu mwanzo, na nimelaumiwa kwayo. Hatutakuwa na sare. Hatutarekodi albamu, wala hatutashindana. Ninazipenda kwaya zetu na mimi mwenyewe ni mwimbaji wa sauti ya tenor katika kwaya kuu, lakini nimeona jinsi kikundi kinavyoanza kwa nyimbo na kuishia kwenye michango ya vitambaa, na jinsi msharika asiye na fedha ya kitambaa anavyoanza kuchelewa mazoezi, kisha kuugua, kisha kutoweka. Ukulele chache zilizonunuliwa na usharika hutunzwa ofisini, na wasio na zao hukaa wawili wawili: mmoja anapiga, mwenzake anaimba solfa ya kordi inayopigwa, kisha wanabadilishana. Nilidhani huo ni mpango wa shida tu, lakini wanaoimba solfa huku wakisubiri zamu hukamata kordi upesi kuliko waliokuja na chombo chao wenyewe. Nchini Kanada, katika shule za Halifax, mwalimu J. Chalmers Doane aliwahi kutumia ukulele tangu miaka ya 1960 kuwafundisha watoto kusoma muziki, si kucharaza peke yake, na nikitazama jozi zetu Jumamosi mchana ninaelewa kwa nini alichagua chombo hiki.

Vijana wanataka tupige ibada ya pili Jumapili. Mimi sioni haraka. Kando ya kinanda chenye spika, ukulele kumi hazisikiki, na tukiziwekea vipaza sauti tutakuwa tumerudi kwenye nyaya na umeme ambao chombo hiki kilituepusha. Mahali pake ni jumuiya, na huko tayari wanachama watatu wameanza kuchukua ukulele zao kila wiki. Anayeongoza sala anataja namba ya wimbo, mpigaji anacharaza kordi ya nyumbani mara mbili, wote wanaipata do, na akina baba wanaimba hadi ubeti wa mwisho.

Msharika anayetaka kujiunga aje Jumamosi na kitabu chake cha nyimbo chenye solfa, na kucha za mkono wa kushoto zikiwa zimekatwa. Ukulele atapewa ya kushirikiana na mwenzake.