Helikopta Iliyolala Jarubani

Gengi letu la reli lilikuwa kusini kidogo ya Bukene, kwenye njia ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, na Baba ndiye alikuwa nyapara. Tangu Novemba 1978, Mwalimu alipotangaza kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, Baba hakulala vizuri. Treni za askari zilipita usiku na mchana, mabehewa ya wazi yamebeba magari yaliyofunikwa maturubai, na chochote kikilegea relini lawama ni yake. Sisi watoto tulipunga mikono tu. Askari walitutupia biskuti za jeshi, ngumu ajabu, haziliki mpaka uziloweke kwenye chai.

Vita vyenyewe vilikuwa vya redioni. Masaka, mji wa Uganda, ilishatekwa na jeshi letu Februari, tukashangilia, tukarudi shambani. Halafu tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ikaangusha mabomu Mwanza. Yaliangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, yakaua swala. Lakini habari ilipotufikia sisi kwa treni, swala walishageuka watu. Watu wakachimba mahandaki nyuma ya nyumba, na kila kilichonguruma angani kikawa cha adui.

Siku chache baadaye, alasiri, mvua ikiwa imetanda upande wa Nzega, tukasikia mngurumo. Helikopta ilikuja chini chini ikiifuata reli kama basi linavyofuata barabara. Ilipoona wingu limeziba mbele ikageuka, ikazunguka, ikawa inatafuta pa kutua. Ikachagua jaruba la mzee mmoja jirani yetu. Simlaumu rubani. Ukitazama kutoka juu, jaruba la mpunga mwezi wa Aprili ni uwanja wa mpira: tambarare, kijani, mti hakuna. Chini ya ule ukijani sasa, maji, na udongo mweusi wa mbuga unaomeza ng'ombe hadi tumboni.

Haikuwa na magurudumu, ilikuwa na vyuma viwili virefu chini. Cha kushoto kilinasa kwenye tuta, cha kulia kikaendelea kuinuka. Ikapinduka ubavu taratibu, ungedhani inafanya makusudi, mpaka pangaboi la juu lilipochapa maji. Hapo tope, mpunga na vipande vya chuma viliruka hadi kwenye miembe yetu. Injini ililia kwa muda ikiwa imelala, kisha ikazimika. Hewa yote ikanuka mafuta ya taa.

Watu walifika kabla ya mvua. Mapanga, mikuki, pinde. Kijana mmoja alitambaa akatoka, ovaroli imejaa tope hata cheo hakionekani, mikono juu.

"Ndugu zangu, sisi ni wenzenu!"

"Hata askari wa Amin wanasema Kiswahili," akajibu jirani yetu mmoja, panga begani. Na ni kweli, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi lao pia. Wakaanza kubishana pale pale, mvua inawanyeshea, na ndani kuna mtu anagugumia. Sijui wangefikia wapi. Yule wa ndani alichoka kusikiliza, akaporomosha tusi refu, lenye mama, bibi na mjomba wa kila aliyesimama pale, lafudhi ya Kariakoo kabisa. Baba, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na wanagengi wake, akacheka kwa sauti.

"Huyo kazaliwa Dar es Salaam. Mtoeni."

Watu wakacheka, mapanga yakashuka. Mpaka leo naamini Baba alishaiona bendera mkiani, ila alijua kundi lenye hasira halisomeshwi bendera.

Kumtoa sasa. Mguu wake ulikuwa umebanwa na kiti pamoja na maboksi ya dawa na betri za redio. Mitaimbo ya gengi ikafanya kazi. Mvua ikakatika, jua likatoka, na nyuki nao wakatoka, kwa sababu katika mzigo ule kulikuwa na magunia ya sukari na moja lilikuwa limepasuka. Sukari, wakati ambao sisi kuipata dukani kijijini ni foleni ya asubuhi nzima! Nyuki wa Tabora hawahitaji mwaliko. Waliufunika mzigo, wakaingia kwenye kola za watu, na mlina asali mmoja, kwa nia njema kabisa, akaja mbio na kienge kinachofuka moshi awafukuze. Petroli au mafuta ya taa, kwake ilikuwa mamoja. Baba alimrukia wakaanguka wote majini, kienge kikazimika. Sijawahi kumwona Baba akimtukana mtu mzima isipokuwa siku hiyo. Nyuma yao mama mmoja alikuwa anachota maji matamu kwa kibuyu, hana habari na yeyote.

Majeruhi alilazwa kwenye kitanda cha kamba, kikawekwa juu ya toroli ya gengi, wanaume wakaisukuma hadi stesheni. Rubani alitembea mwenyewe, uso umevimba kwa nyuki kuliko kwa ajali. Stesheni masta akapiga simu Tabora, na usiku ule ikaja injini na behewa moja kuwachukua.

Ofisa wa jeshi alikuja kwetu baada ya tarehe 11 Aprili, wakati Kampala imeshaanguka, kwa hiyo alikuwa mchangamfu. Akakusanya watu kando ya jaruba, akauliza ni nani hasa waliookoa vijana wake. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yule jirani wa panga. Akaandikwa jina, akashikwa mkono, akapigwa picha kando ya mkia wa helikopta. Baba hakuwepo. Mvua ya usiku ilikuwa imekula tuta la reli, na treni nzima ya askari ilikuwa imesimama Tabora ikimsubiri yeye.