Mwandishi wa barua wa Dakar

Tanga, Jumapili usiku

Wiki tatu sasa nipo kwa Mama, na mbili kati ya hizo zimeliwa na cheti cha kuzaliwa. Chake, si changu. Kitambulisho kinataka cheti, cheti kinataka barua ya mtaa, barua inataka tarehe, na Mama anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko, mihogo ikiwa bado shambani. Jumanne kijana wa dirishani alituambia mfumo haumpokei mtu asiye na tarehe. Mama akamtazama kwa utulivu, akasema, "Basi mwambie huo mfumo nimeshazaliwa." Tukapanda bajaji, tukarudi nyumbani.

Usiku ule ndio nilipomwekea filamu ya Mandabi.

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa na filamu kadhaa za Ousmane Sembène, mwandishi na mtengeneza filamu wa Senegal, kwenye laptopu, naziangaliaga peke yangu nikikosa usingizi, na sikuwahi kufikiri Mama angekaa kwenye filamu ya mwaka 1968 yenye watu wanaosema Kiwolofu. Hasomi, kwa hiyo maandishi ya Kiingereza yale ya chini ya picha hayamsaidii. Nikawa natafsiri kwa sauti, kama marehemu Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, kwenye vile vibanda umiza vya video vya utotoni, ila bila mbwembwe zake. Baada ya dakika kumi Mama akanikata: "Punguza maneno, namwona mwenyewe."

Anayemwona ni Ibrahima Dieng, mzee wa Dakar mwenye wake wawili, watoto tele, kanzu zilizopigwa pasi na kazi hana. Filamu inaanza akinyolewa kichwa hadi nywele za puani, kwa raha zake zote. Mpwa wake anayefagia mitaa ya Paris amemtumia hundi ya posta ya faranga 25,000. Nyingi si zake, nyingine za dada yake, mama wa kijana, na sehemu kubwa ni ya kumwekea kijana mwenyewe. Lakini habari inatangulia. Wake zake wameshakopa mchele dukani, majirani wameshafika na shida zao, imamu naye yumo. Na posta hawatoi pesa bila kitambulisho. Kitambulisho hakitoki bila cheti cha kuzaliwa. Cheti hakitoki bila tarehe kamili.

Hapo Mama akashika goti langu. "Na huyu pia?"

Alicheka mpaka akatoa machozi, halafu hakucheka tena. Dieng anapotoka ofisi moja kwenda nyingine, kila dirisha likimjibu kwa Kifaransa, akitoa nauli na pesa za picha ambazo hazitoki, Mama alinyamaza kama anasikiliza taarifa ya msiba. Mwisho wake siusemi. Nitasema tu kwamba anayemdhulumu zaidi ni ndugu mwenye suti, anayejua kusoma.

Sembène mwenyewe alizaliwa Ziguinchor, Casamance, mwaka 1923. Alibeba mizigo kwenye bandari ya Marseille, akajiunga na chama cha wafanyakazi, akaandika riwaya kwa Kifaransa. Halafu akaliona tatizo lake: watu aliokuwa anawaandikia hawasomi. Akiwa anakaribia miaka 40 akaenda Moscow kujifunza kupiga filamu, akarudi na kamera. Sinema aliiita shule ya usiku. Nimewahi kulisoma neno hilo nikaliona zuri tu, lakini Jumanne ile, na Mama kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, nililiona likifanya kazi.

Jambo jingine ambalo sikuwa nimelitilia maanani: kwenye Mandabi, Dieng anapofika posta na barua ya mpwa wake, mwandishi anayewasomea watu barua kwa malipo ni Sembène mwenyewe, kiko cha tumbaku mdomoni. Kwenye La Noire de..., ya 1966, amejipa tena kazi ya namna hiyohiyo: ndiye mwalimu wa uswahilini. Mtu mwenye filamu yake angeweza kujipa nafasi yoyote, na yeye akachagua kuwa yule anayeshika kalamu kwa niaba ya wengine.

Hiyo La Noire de... nilimwekea Alhamisi. Haizidi sana saa moja, nyeupe na nyeusi. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na wenye nyumba wake hadi Antibes, Ufaransa. Alidhani anakwenda kulea watoto na kuona maduka. Akafika akawa mpishi, mfuaji na msafishaji, dirisha likimwonyesha bahari asiyoifikia. Mtaani kwetu kuna nyumba mbili ambazo binti zao wapo Muscat, na Mama alianza kuwataja mmojammoja, nani anapiga simu, nani hapigi. Wengi wanaoiandika filamu hii huandika juu ya kile kinyago alichowapa mabwana zake kama zawadi, na ni kweli kinyago kile kinabeba mengi. Mimi kilichoniua ni barua. Inafika barua kutoka kwa mama yake Dakar. Diouana hajui kusoma, kwa hiyo bwana mwenye nyumba anamsomea, kisha anachukua karatasi na kuanza kumwandikia jibu: mimi mzima, wananitendea vizuri. Diouana anaichana barua ya mama yake vipandevipande.

Nilisitisha filamu, nikasema nakwenda kuweka chai. Ukweli ni kwamba nilikuwa na umri wa miaka kumi nilipoanza kuandika barua za Mama. Ananitajia maneno, mimi naandika, nyingi zikienda kwa mjomba Mombasa. Na nilikuwa nafupisha. Akisema mvua imeangusha ukuta wa jikoni na ada haijapatikana, mimi niliandika sote ni wazima wa afya, kwa sababu kuomba niliona aibu, na kwa sababu mpira ulikuwa unaendelea nje. Nilirudi na chai, nikabonyeza kitufe. Sikusema kitu.

Kama unaanza, basi, anza na Mandabi, maana inachekesha kabla haijauma. Moolaadé ya 2004 iwe ya pili, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote ingawa nikimaliza huwa sina nguvu ya kusimama. Aliipiga kijijini Burkina Faso akiwa na umri wa miaka kama 80. Wasichana wanne wanaokimbia kukeketwa wanajificha kwa mama mmoja, Collé, naye anafunga kamba ya nyuzi mlangoni, chini kabisa, hata mtoto angeivuka. Hakuna anayethubutu kuivuka, kwa sababu kamba ile ni hifadhi, na hifadhi ni mila kongwe kama huo ukeketaji. Wanaume wa kijiji wanaishia kukusanya redio za wake zao na kuzichoma mbele ya msikiti. Mama alizaliwa upande ambao mambo haya si ya kusimuliwa. Alitazama yote bila neno, na mwisho akauliza kama nyuzi zile ni sufu au pamba.

Camp de Thiaroye (1988) ni ya mtu mwenye subira. Inazidi saa mbili na nusu. Inahusu askari wa Afrika Magharibi waliorudi kutoka vitani Ulaya, wakadai malipo yao, na jeshi la Ufaransa likawapiga risasi alfajiri ya Desemba 1, 1944. Yeyote ambaye babu yake alikuwa KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, na kurudi Burma na koti tu ataielewa bila mkalimani.

Xala ya 1975 sitamwekea Mama. Heshima ina mipaka yake. Tajiri anaoa mke wa tatu na usiku wa harusi anakuta amefungwa, kwa maana ileile inayobandikwa kwenye nguzo za umeme mji mzima. Anazunguka kwa waganga huku Mercedes yake ikioshwa kwa maji ya chupa. Ni filamu kali kuliko zote juu ya wakubwa wa baada ya uhuru, lakini kukaa na mama mzazi nikimtafsiria yale? Hapana.

Leo jioni, tukipepeta mchele, nilimwambia zile barua za mjomba. Nilimwambia yote, na ukuta wa jikoni pia.

Hakuacha kupepeta. "Nilijua," akasema. "Kila barua nilikuwa nampelekea mke wa mwalimu anisomee kabla sijaibandika. Zikiwa pungufu anaongeza chini."

"Na hukuniambia?"

"Ungeacha kuandika." Akapuliza makapi. "Kesho niamshe mapema, yule kijana anafungua dirisha saa mbili."