Risasi nyepesi kwa rivolva ya mtindo wa kale

Rivolva za mtindo wa kale, yaani bastola zenye silinda ya matundu ya risasi inayozunguka, zile ambazo nyundo yake lazima ivutwe kwa kidole gumba kabla ya kila mlio, zina wapenzi wengi hapa Arizona ninakoishi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitofautiana na baadhi yao katika jambo moja. Mtu akishajua kujaza risasi zake mwenyewe, mara nyingi huanza kuzitafutia nguvu iliyozidi ile ya risasi za dukani. Mimi nashikilia kinyume chake: kwa mtu anayefanya mazoezi ya kulenga shabaha, faida kubwa ya kujaza mwenyewe ni kupata risasi nyepesi, yaani yenye nguvu ndogo na mwendo wa wastani hata kama kichwa chake ni kizito, ambayo kila moja inafanana na mwenzake na ambayo imepatanishwa na bastola ile ile itakayoifyatua.

Bastola yangu ni Ruger New Vaquero, inayotumia risasi za aina ya .45 Colt. Umbo lake limechukuliwa kutoka Colt Single Action Army, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873, na utaratibu wake wa kutumika haujabadilika sana tangu wakati huo. Ukivuta nyundo, silinda inageuka na kujifunga mahali pake. Kifyatulio kinabaki na kazi moja tu, kuiachia nyundo ianguke. Kwa kuwa hakigeuzi silinda wala hakiinui nyundo, mvuto wake huwa mfupi na laini, na hapo ndipo ulipo utamu wa silaha hii kwa mlenga shabaha. Risasi huingizwa moja moja kupitia kilango kilicho upande wa kulia, na maganda hutolewa moja moja kwa kijiti kilicho chini ya mtutu. Hakuna namna ya kuharakisha.

Katika Colt ya asili, ncha ya nyundo iliyoshushwa hulala juu kabisa ya fataki, yaani kidonge cha kuwashia baruti kilicho kwenye kitako cha ganda, na bastola ikianguka chini inaweza kulia yenyewe. Ndiyo maana wazee walitia risasi tano badala ya sita, kwa mpangilio ambao bado unafundishwa: tia moja, ruka tundu moja, tia nne, vuta nyundo mpaka mwisho, kisha ishushe taratibu juu ya tundu lililo tupu. Mwaka 1973 Ruger walianza kuweka kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini ya kugonga fataki pale tu kifyatulio kinapokuwa kimevutwa, kwa hiyo bastola kama yangu inaweza kubeba sita bila hofu hiyo. Hata hivyo natia tano, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa katika mashindano ya wapenzi wa silaha za zama za wachunga ng’ombe, na sioni haja ya kuwa na mazoea mawili mkononi.

Mazoezi nayafanya Ben Avery, uwanja wa shabaha wa umma ulio kaskazini mwa Phoenix, unaosimamiwa na idara ya wanyamapori na uvuvi ya jimbo. Anayeshangaa idara ya wanyamapori inahusikaje na uwanja wa bunduki ajue kwamba tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 kuna ushuru wa serikali kuu unaotozwa kwenye silaha na risasi, na fedha zake hurudi kwenye majimbo kwa ajili ya kuhifadhi wanyamapori na, baadaye, kwa ajili ya viwanja kama hivi. Wakati wa joto kali tunafika alfajiri. Msimamizi akitangaza kusitisha ufyatuaji, kila bastola huachwa mezani ikiwa tupu, kilango wazi, na hakuna anayeigusa mpaka wote waliokwenda kubadilisha karatasi za shabaha wamerudi nyuma ya mstari.

Lakini kazi kubwa hufanyika nyumbani, kwenye meza ya kujazia. Nina mashine ya mkono inayofanya hatua moja kwa mara moja. Ganda lililotumika huingizwa kwenye kalibu ya kwanza, ambayo hulirudisha kwenye kipimo chake na kuitoa fataki iliyokwisha. Huwekwa fataki mpya. Mdomo wa ganda hupanuliwa kidogo ili kichwa cha risasi kisikwaruzwe kinapoingia. Hutiwa baruti iliyopimwa. Kisha kichwa huketishwa na mdomo ukabanwa ndani ya mfereji uliozungushiwa kichwa hicho. Kubana huku si urembo. Bastola inaporuka, risasi zilizobaki kwenye silinda nazo huvutwa nyuma kwa ghafla, na kichwa kisichobanwa vizuri huteleza mbele kidogo kidogo mpaka kinachungulia nje ya silinda na kuizuia isigeuke.

Hatua ya baruti inahitaji akili yote, na kwa .45 Colt inahitaji akili zaidi. Ganda hili lilibuniwa katika zama za baruti nyeusi, likachukua hadi greni 40, yaani takriban gramu 2.6, na likajaa. Baruti za leo zisizo na moshi zina nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, hivyo kipimo halali hukaa chini kabisa ya ganda kama mchanga kwenye sakafu ya kisima. Hatari inatoka hapo: kipimo maradufu kinaenea ndani bila kumwagika wala kutoa dalili yoyote kwa anayetazama kwa haraka. Kwa hiyo maganda yote ya mkupuo mmoja nayasimamisha kwenye kibao chenye matundu, nayatia baruti, kisha kabla ya kuketisha kichwa hata kimoja nawasha tochi na kuangalia ndani ya kila ganda, safu kwa safu, nikilinganisha kina cha baruti na cha jirani yake. Lililozidi huonekana, na lililo tupu huonekana pia. Ganda lisilo na baruti nalo ni hatari, maana fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu na kukiacha hapo, na mlio unaofuata ukauharibu mtutu. Ukisikia mlio mnyonge uwanjani, simama, toa risasi zote, kagua mtutu. Vipimo vyenyewe sitavitaja hapa. Vichukuliwe kwenye vitabu vya watengenezaji wa baruti, na kuanzia kile cha chini.

Tamaa ya nguvu ina historia yake, na jina linalotajwa sana ni Elmer Keith wa Idaho, mwandishi wa mambo ya silaha. Mwaka 1925 rivolva ya .45 aliyoijaza risasi kali mno ilimpasukia mkononi. Sababu si siri: silinda ya Colt ina unene mmoja, na tundu la .45 linapokuwa pana, kuta zinazobaki huwa nyembamba. Keith akahamia risasi ya .44 Special, iliyo nyembamba kidogo, ambayo huacha chuma kingi zaidi, na miaka ya majaribio yake ilichangia kuzaliwa kwa .44 Magnum mwaka 1955. Anayetaka nguvu basi ana katriji iliyotengenezwa kwa ajili hiyo: kikomo cha shinikizo la .44 Magnum ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 36,000, wakati .45 Colt ina kikomo cha psi 14,000. Kuilazimisha ya pili ifanye kazi ya ya kwanza katika bastola ya umbo la kale ni kuidhulumu bila sababu.

Bastola yangu haina kilengeo cha kurekebisha kwa bisibisi. Mbele kuna kipande cha chuma, nyuma kuna mfereji juu ya fremu, basi. Risasi za dukani zilikuwa zikigonga chini ya nilipolenga. Wengi wangedhani dawa ni risasi yenye mwendo mkubwa, lakini kwa masafa ya bastola mambo huenda kinyume: mtutu huanza kunyanyuka mara tu baruti inapowaka, na kichwa kizito kinachokwenda polepole hukawia zaidi ndani yake, kwa hiyo hutoka mtutu ukiwa umeshapanda. Nilipoacha vichwa vya greni 200 na kuchukua vya 250, yaani takriban gramu 16, kwa mwendo wa utulivu, alama zilipanda karatasini mpaka pale nilipokuwa nikilenga. Hakuna tupa iliyogusa chuma cha kilengeo. Hili ndilo ninalolithamini kuliko yote katika kujaza mwenyewe.

Upana wa kichwa nao una neno lake. Natumia vichwa vya madini ya risasi, na kila kimoja lazima kilingane na mdomo wa mbele wa tundu la silinda. Jaribio ni rahisi: silinda ikiwa imetolewa na ni tupu, sukuma kichwa kwa kidole kutoka upande wa mbele, kinapaswa kupita kwa ukinzani mdogo. Kikidondoka chenyewe ni chembamba mno. Kikikataa kabisa, tundu litakibana kila mlio, kitaingia mtutuni kikiwa chembamba kuliko mifereji yake, gesi itapenya pembeni na mtutu utagandwa na madini ya risasi. Watu wengi hulaumu mkono wao kwa kosa la kipimo hiki.

Mkono wenyewe hufunzwa vizuri na risasi nyepesi. Mpini wa Colt umepinda ili bastola izunguke kiganjani badala ya kugonga mkono, na mlio ukiwa mpole unaona kilengeo cha mbele kikinyanyuka na kurudi. Nalenga kutoka yadi 15, nikiwa na hakika naongeza hadi 25. Nyundo huchukua muda kuanguka, kichwa hukawia mtutuni, na bastola isiposhikwa imara mpaka mwisho, alama itakwenda kando. Risasi kali huficha kosa hili kwa sababu jicho hufumba. Nyepesi huliacha wazi, na mtu akaweza kulirekebisha.

Baada ya mazoezi nanawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi ni sumu. Maganda nayahesabu, nayasafisha, na lolote lenye ufa mdomoni nalibonda kwa koleo kabla ya kulitupa, lisije likarudi mezani.