Jioni Tulipomtuza Kocha wa Mieleka

Januari 2017, mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa, kamati ya wazazi wa timu ya mieleka ya sekondari iliamua kumtuza kocha hadharani, siku ya pambano la nyumbani, kwa kazi alizoifanyia jamii. Hakuna aliyepinga. Ubishi ulikuwa ni saa ngapi.

Asiyewahi kukaa meza ya waandika alama atadhani nafasi iko tele. Haipo. Pambano la timu mbili huanza kwa mizani, na vijana hupimwa si zaidi ya saa moja kabla ya mchezo. Hapo hapo hupigwa kura ya uzito utakaoanza. Wakati ule madaraja yalikuwa 14, kutoka pauni 106 hadi 285. Kura ikiangukia 152, mchezo unaanzia hapo, unapanda mpaka 285, kisha unarudi kwa yule wa 106 na kumalizia na wa 145. Kila kijana hupasha misuli kwa kufuata foleni hiyo. Ukiwasimamisha dakika 20 wasikilize hotuba, jasho linakauka na mwili unapoa, halafu raundi ya kwanza tu mtu anavutwa mguu, paja likiwa bado baridi. Nyama za kinena na za nyuma ya paja huchanika hivyo. Tukakubaliana dakika 10, baada ya mechi za timu ya pili na kabla ya kikosi cha kwanza kuanza kupasha.

Suala la pili lilikuwa viatu. Wageni wangetoka nje kwenye theluji, wamekanyaga chumvi ya barabarani, na kila mmoja angetaka kwenda katikati ya mkeka kumpa kocha mkono. Mkeka wa mieleka ni mzito, huja vipande vitatu vinavyokunjuliwa na kuunganishwa kwa utepe mpana wa gundi. Hupigwa deki kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya mchezo. Dawa hiyo haifanyi kazi papo hapo: inatakiwa ibaki mbichi juu ya mkeka kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 10, ndipo iachwe ikauke. Anayeipangusa upesi kwa taulo ili ionekane safi ameeneza uchafu tu. Deki hupigwa kwa kurudi nyuma, ili mpigaji asikanyage alipokwisha kupita, na tambara la mkeka halitumiki chooni wala korido.

Haya kocha aliyashika kama amri, maana mashilingi, yaani choa, ule ugonjwa wa fangasi wa ngozi, huenea kwenye timu ya mieleka kuliko karibu mchezo wowote. Shavu la huyu hulala shingoni mwa yule, ngozi ikiwa imelowa na kukwaruzika. Kijana mwenye mashilingi ya mwilini hachezi mpaka atimize angalau saa 72 za dawa, na ya kichwani siku 14. Basi mtu mmoja akikanyaga mkeka kwa buti, msimu wa watoto watatu unaweza kuharibika. Tulitandika zulia jembamba kutoka mlangoni hadi kando ya mkeka, upande wa meza ya alama, na sherehe yote ikafanyika juu ya zulia hilo. Kocha alipoliona alitikisa kichwa kukubali. Nadhani lilimfurahisha kuliko ngao.

Kazi kubwa, hata hivyo, ilikuwa risala. Rasimu ya kwanza ilijaa maneno ya kila risala: mtu wa watu, nguzo ya jamii, mfano wa kuigwa. Mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekuwa kwenye kamati aliisoma yote, akairudisha mezani. "Hii unaweza kumsomea hata marehemu usiyemjua," akasema. "Andikeni alichofanya, na namna alivyokifanya."

Mwalimu yule alikuwa na haki, na msimamo wangu haujabadilika tangu siku ile. Kujitolea kwa kocha hakukuwa kwa kuhesabu saa. Alichowapa watu ni vijana waliofundishwa kuifanya kazi isihitaji kurudiwa.

Risala ilianzia Juni 2008. Mto Cedar ulipanda hadi futi 31.12 tarehe 13 mwezi ule na kuingia maili za mraba 10 za mji. Maji yalipopungua, kocha aliwachukua wachezaji wake, waliopo na waliokwisha kumaliza shule, wakaenda kutoa tope majumbani. Mlangoni kulikuwa na utaratibu. Kwanza umeme na gesi vihakikishwe vimekatwa. Kisha glavu, buti na barakoa ya kuzuia vumbi, na asiyechanjwa pepopunda asiingie. Tope huzolewa likiwa bado bichi, kwa sababu likikauka hugeuka vumbi linalovutwa mapafuni.

Friji ilikuwa na sheria yake: isifunguliwe kwa sababu yoyote ile. Nyama iliyokaa humo siku nyingi bila umeme inawafukuza watu kwenye nyumba nzima, na maji yake yakimwagika sakafuni hakuna sabuni itakayoondoa ile harufu. Mlango huzungushiwa utepe wa gundi mara kadhaa, juu, katikati na chini, ndipo friji iinamishwe kwenye toroli na kutolewa hadi ukingo wa barabara. Kila timu changa ya kujitolea ilijifunza hilo kwa kufungua moja. Vijana wake waliambiwa mapema.

Kuta nazo zilikatwa kwa kipimo. Bodi za jipsamu hunyonya maji juu ya alama ya mafuriko, na ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Bodi hizo zina upana wa futi 4 na kwa kawaida hulazwa, kwa hiyo maji yakiwa yamefika kiunoni, unakata ukuta mzima kwa futi 4 kamili. Fundi atakayekuja ataweka bodi nzima bila kuunga vipande. Pamba ya kuzuia baridi iliyo ndani ya ukuta hutolewa yote, hata ile inayoonekana kavu. Kisha nyumba inaachwa wazi, na mbao zipimwe unyevu kabla ya kufungwa tena. Walioharakisha kufunga wakaona kazi imekwisha walivunja tena kuta baada ya miezi, ukungu ukiwa umeshika mpaka mbao.

Sehemu iliyofuata ilikuwa ya Septemba 2016, na hii ukumbi wote ulikuwa unaikumbuka, maana ilikuwa imepita miezi minne tu. Mto ulitabiriwa kupanda vibaya tena, mji ukajaza mifuko ya mchanga usiku na mchana. Mwishowe maji yalifika futi 22 hivi, chini ya ilivyohofiwa, na sehemu kubwa ya mji ikasalimika.

Nilisimama karibu na kundi la kocha wakijaza. Vijana walikuwa wawili wawili. Mmoja anashika mfuko, ameachanisha miguu, ameshusha nyonga, viwiko vimeegemea magoti, mdomo wa mfuko umekunjwa nje kama kola, na uso ameugeuza pembeni mchanga usimwingie machoni. Mwenzake anatia kwa koleo la ncha ya duara, halijai sana. Kila baada ya muda wanabadilishana. Mkao ule ndio wa mieleka: mgongo umenyooka, uzito uko miguuni. Kocha alipita akigusa migongo iliyoanza kupinda, asiseme neno.

Na mfuko haujazwi. Hapa ndipo wengi hukosea, wakiona mfuko mnono ndio wenye nguvu. Unatiwa nusu, usizidi theluthi mbili, upate uzito wa pauni 35 hadi 40. Mfuko uliojaa hukakamaa, haujibani na wenzake, na maji hupita katika nafasi zinazobaki. Ulio nusu hulala bapa na kujaza kila pengo. Haufungwi kamba. Mdomo unakunjwa chini ya mfuko wenyewe, unaelekezwa upande mto unakotoka, kisha unaofuata unaulalia. Safu ya juu hupishana na ya chini kama mwashi anavyopanga matofali, na kila safu hukanyagwa kwa mguu ishikane. Kitako cha ukuta kiwe na upana mara tatu ya kimo chake. Ukuta wa futi 1 kwa urefu wa futi 100 unakula mifuko 600 hivi, na ukitaka futi 2 unazidi 2,000. Watu wakisikia hesabu hiyo huelewa kwa nini zinahitajika timu nzima na si majirani wanne.

Kuhusu theluji risala ilikwenda haraka. Kocha alikuwa na orodha ya wazee na wagonjwa wanaokaa peke yao, na kila anguko la theluji vijana wawili walipangiwa kila nyumba. Kama kuna barafu inayokuja, chumvi itangulie theluji, si baada yake. Koleo lisukume kabla ya kuinua. Njia isafishwe hadi kwenye sanduku la barua na hadi mahali gari la wagonjwa litakaposimama. Hiyo ya gari la wagonjwa wengi hawaifikirii.

Jambo la mwisho lilizua ubishi kwenye kamati, kama ni huduma kwa jamii au ni kazi yake tu. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha maji ili wapungue uzito. Kanuni zilizofuata ziligusa hata sekondari: mkojo upimwe mwanzoni mwa msimu na uzito wake ukilinganishwa na wa maji usizidi 1.025, mvulana asishushwe chini ya asilimia 7 ya mafuta mwilini, na asipungue zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki. Kocha hakuishia hapo. Kila Novemba aliwaita wazazi jikoni mwa shule, akawaonyesha sahani ya mchezaji, akawaambia dalili za mtoto anayejinyima: hasira, midomo mikavu, kuvaa sweta mbili akikimbia, kutemea mate kwenye chupa. Akisema wazi kwamba afadhali timu ikose mtu wa pauni 113 kuliko mama akose mtoto. Mimi nilitaka hili liwemo. Likawemo.

Jioni ilipofika, timu ya pili ilimaliza, taa za ukumbi zikazimwa ikabaki ile moja inayoning'inia juu ya mkeka. Tulipanga hivi: baada ya kila sehemu ya risala, walioguswa na kazi hiyo wasimame walipo. Wa 2008 walisimama, wengi wakiwa na nywele nyeupe. Wa mifuko ya mchanga walijaza karibu upande mmoja wa majukwaa. Zamu ya theluji ilipofika, mama mmoja Mkongo aliyekuwa nyuma yangu naye akainuka. Sikuliona jina lake kwenye orodha.

"Mama, na wewe waliondolea theluji?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Hapana, baba. Vijana wangu ndio wanaondoaka," akajibu, na hakuketi. Wazazi wengine wa wachezaji walimwona, wakasimama pia. Sisi hatukuwa tumewapangia nafasi hao, na walistahili kuwa wa kwanza.

Kilichoharibika ni muda. Mgeni aliyepewa dakika mbili za kukabidhi ngao alitoa karatasi mfukoni, kisha ya pili. Dakika 10 zikapita, mwamuzi akaanza kuangalia saa yake. Kocha, akiwa amesimama pale pale juu ya zulia kwa heshima zote, alinyoosha vidole viwili kuelekea kwa nahodha. Vijana wakavua viatu vya nje, wakavaa vya mkekani, wakaanza kukimbia polepole kuzunguka duara, kimya, huku hotuba ikiendelea. Mgeni alipogeuka na kuona ukumbi wote ukiwatazama wakimbiaji, alikunja karatasi.

Kocha alipewa kipaza sauti. Aliwashukuru wake wa makocha wasaidizi, akawashukuru wapiga deki, akawaomba wote waliosimama wawape majina yao vijana wa mlangoni kama bado wanahitaji msaada, au kama jirani yao anahitaji. Akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa kwenye kiti chake kwenye kona. Kura ilikuwa imeangukia 170.

Fedha ya zawadi hatukununulia saa wala kiti. Tulikuwa tumemuuliza mapema kwa mzunguko, akajibu kwamba makoleo ya theluji ya timu yamevunjika mipini. Tukanunua mapya, ya plastiki ngumu yenye ukingo wa chuma, mipini ya urefu tofauti, maana koleo fupi mikononi mwa kijana wa futi sita na zaidi humvunja mgongo. Tuliyapanga kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo. Pambano lilipokwisha na mkeka kupigwa deki ya pili, kocha aliyapitia moja moja, akapaka nta kwenye vibapa ili theluji isigande, akaandika namba kwenye kila mpini. Halafu akatoa orodha na kuuliza nani ana nyumba ya barabara ya juu Jumamosi, maana kijana mmoja wa zamu ile alikuwa ameumia bega usiku huo.