Mpwa wangu anakwenda kuona hoki Toronto

Jana baada ya Isha mpwa wangu alikuja kuaga, anakwenda kusoma Canada, tukakaa barazani na thamosi ya kahawa, mara akanionyesha simu, rafiki yake wa huko kamtumia tiketi ya hoki ya barafu, timu ya Maple Leafs ya huko Toronto, pale uwanja wa Scotiabank Arena. "Mjomba wewe ulishaingia mule, nifanyeje nisionekane mgeni?" Nikamwambia mwanangu mgeni ni mgeni tu, usijifiche. Hata hapa Lamu, anayekuja Maulidi akauliza asimame wapi kutazama mbio za punda ndiye anayeona vizuri, anayejifanya anajua utamkuta katikati ya njia punda wanamjia.

Alipoondoka nikabaki nayafikiria, mengi sikuyamaliza.

Kufika si kazi. Ukishafika stesheni ya Union unatembea ndani kwa ndani mpaka uwanjani, baridi ya nje haikupati. Simu iwe na chaji manake tiketi iko humo na baridi ya kule inakula betri, na begi kubwa abaki nalo nyumbani.

Ninalotaka alishike sana ni firimbi. Mimi mara ya kwanza niliinuka kwenda msalani mchezo unaendelea, nikawakinga watu waliokaa nyuma yangu na goli likaingia wakati huohuo, wallahi niliona haya mno, wale watu wamelipa pesa nyingi na mimi ndio nimewanyima. Kule huinuki wala hurudi kitini mpaka refa apulize, ukirudi na chakula chako mhudumu anakusimamisha juu ya ngazi unangoja na wenzio. Vipindi ni 3 vya dakika 20, saa inahesabu kurudi nyuma na inasimama kila firimbi ikilia, kwa hivo andaa kama masaa mawili na nusu.

Halafu ile paki, kiduara cheusi cha mpira, jicho la mgeni haliiwezi, inakimbia mno. Asiifukuze. Atazame wachezaji wanaelekea wapi, kama tunavyotazama ndege baharini tukajua samaki walipo, baada ya kipindi kimoja ataanza kuiona yenyewe. Lakini asichezee simu mchezo ukiendelea, ile kitu wanaigandisha kabla ya mechi na ni ngumu kama jiwe. Mwaka 2002 kule Columbus, Marekani, msichana wa miaka 13 aliyekaa kutazama ilimpiga akafariki, ndio NHL, ligi yao kubwa ya hoki, ikaamuru nyavu nyuma ya magoli. Pembeni hakuna wavu, kuna kioo tu na paki huruka juu yake.

Na kofia. Wimbo wa taifa ukipigwa wengi wanavua, naye avue. Mchezaji mmoja akifunga magoli matatu watu wanarusha kofia zao kwenye barafu, zinaanguka kama mvua, ni raha kuona. Yeye apige makofi ila kofia yake ile ya mkono aliyoshonewa na mamake aishike sana, miezi mingapi ya sindano ile.

Mimi aliyenifundisha yote haya ni mzee niliyekaa naye ubavuni, hatukujuana. Aliniambia alikuwa mtoto mwaka 1967 Maple Leafs walipobeba kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, hawajalibeba tena tangu hapo na yeye bado anakuja. Alikuwa akininong'oneza kila kitu, huyu kacheza rafu katolewa dakika mbili, sasa wenzake wamepungua, tazama. Namuombea mpwa wangu apate jirani kama yule. Asalimie kwanza, aulize.

Leo asubuhi nimempelekea sweta langu zito kabla boti haijaondoka kwenda Mokowe. Mechi ni Jumamosi saa moja usiku ya kule, huku itakuwa saa tisa usiku tunakaribia alfajiri. Nimeshaseti alamu.