Nyumba zilizobaki Katesh

Chumba nilichopanga kiko upande wa juu wa mji wa Katesh, chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, kwenye nyumba ambayo tope lilipapasa ukuta wa uani likapita. Nyumba ya jirani, hatua chache tu kutoka dirishani kwangu, ilikwenda yote. Pamebaki mawe makubwa ambayo hakuna mtu Katesh aliyewahi kuyaona mjini kabla ya siku ile.

Habari yenyewe mnaijua. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka na kushuka pamoja na maji, mawe na magogo. Ilipita vijiji vya Gendabi na Jorodom na hapa mjini wakati wengine wakiwa bado vitandani. Serikali ilitangaza vifo 89. Wataalamu walieleza kwamba miamba ya sehemu ile ilikuwa dhaifu, ikafyonza maji hadi ikashindwa kujishikilia. Watu wa hapa maelezo hayo wanayo kichwani. Lakini mawingu yakianza kujikusanya kileleni hakuna anayeyakumbushia. Kila mtu anaangalia juu, na stori iliyokuwa inaendelea inaishia hapo hapo.

Nilikuja na vijana wenzangu wa kanisa kutoka Singida kusaidia kutoa tope majumbani. Likiwa bichi, sepetu inatosha. Likikauka linashika kama zege, inabidi sururu, na humo ndani kuna mawe yanayokuvunjia mpini. Ila shida kubwa kuliko uzito wake ni pa kulipeleka. Ukilitoa sebuleni ukalimwaga nje, njia inaziba. Ukilitupa mtaroni, mvua inayofuata inalipeleka kwa jirani wa chini, naye atakuja asubuhi kuuliza ni nani. Magreda yalifungua barabara, lakini vichochoroni ni toroli na mikono. Sikumbuki jambo lililotugombanisha na wenyeji kuliko hilo la pa kumwaga.

Ndani ya tope tulikuta sufuria, sare za shule, vyeti, kadi za kliniki. Karatasi tuliziosha taratibu na kuzianika juu ya bati. Mwenye duka mmoja aliletewa daftari lake la madeni, nusu ya kurasa hazisomeki. Siku zile zile wakaanza kuja watu wenyewe: mimi nilikuwa nadaiwa sukari kilo mbili, mimi sabuni na mafuta ya kula. Akawa anaandika upya. Wengine hawajaja mpaka leo, na anawajua.

Ninachotaka kuandika hasa, hata hivyo, ni habari ya mama mwenye nyumba wangu. Nyumba yake ilisimama, kwa hiyo siku ile ile ilijaa. Walikuja wakwe, ikaja familia ya jirani, wakaja watoto wawili wa ndugu yake wa Gendabi. Wakati huo shule ziligeuzwa makambi, na magari ya misaada yalielekea huko. Ndivyo inavyotakiwa, sina ugomvi na hilo. Unga, magodoro na mablanketi yaligawiwa kwa orodha, na orodha ilikuwa ya waliopoteza. Yeye hakupoteza kitu. Nilipomshauri aende kwa mwenyekiti wa kitongoji akaeleze ana watu wangapi, alinijibu, "Mwanangu, nikaseme mimi nimepatwa na nini? Nisimame foleni na mtu aliyezika watatu?"

Sikuwa na jibu. Ila nilikuwa naona stoo. Aliweka magunia ya mahindi akisubiri bei ipande ndipo auze, alipe ada na trekta la kulima. Walikula mahindi yale Desemba, wakala Januari, na bei ilipopanda stoo ilikuwa imebaki na panya. Shamba lake mwaka ule alilima nusu. Hakuna takwimu ya maafa itakayoonyesha hiyo nusu iliyobaki bila kulimwa, kwa sababu tope halikufika huko.

Sasa kuna nyumba zaidi ya mia moja kule Warret, zilizojengwa kwa ajili ya waliopoteza makazi, na baadhi ya wageni wa mama huyu wamehamia huko. Ni nyumba nzuri, nimekwenda kuziona. Biashara zao bado ziko Katesh, hivyo wanalala kule na kushinda huku, na chakula cha mchana wengi wao bado wanakula kwake. Anasema amezoea kupikia sufuria kubwa, ndogo inamchanganya.

Tulirudi Singida tukachangisha mahindi, tukasema haya si ya waathirika, ni ya wenyeji waliopokea watu. Nilidhani kazi itakuwa kuyasafirisha. Kumbe kazi ilikuwa kupata mtu wa kuyapokea. Nyumba ya kwanza walitutuma kambini. Ya pili walitupa chai na kubadilisha mazungumzo. Mama mwenye nyumba wangu alikubali kwa sharti kwamba ni mkopo, akaleta debe lake mwenyewe la kupimia, na wengine waliposikia ni mkopo wakafungua milango.

Baada ya mavuno walirudisha. Si wote, lakini wengi, debe kwa debe, na mmoja aliongeza maharage juu. Mahindi hayo yako stoo ya kanisa na kikundi chetu kinabishana tangu hapo: wapo wanaotaka yauzwe tununue sururu na toroli, wapo wanaosema yakae kwa ajili ya mvua zijazo. Mimi niko upande wa yakae, ila nimeombwa niandike muhtasari wa kikao, kwa hiyo huko sitasema.