Sufuria Moja ya Kupanda Nayo Mlima

Jioni ya siku ya pili ya safari yetu ya miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae, katika Milima ya Usambara Magharibi, nilijaribu kusonga ugali ndani ya kisufuria cha titaniamu chenye ujazo wa mililita 750. Nilikuwa nimekinunua kwa bei ambayo mpaka leo sijaitaja nyumbani, kwa kuwa kila niliyemsoma alikisifia jambo lile lile: pamoja na mfuniko wake kilikuwa na uzito wa gramu mia moja na kidogo tu. Maji yalipotokota nikatia unga, na kabla sijamaliza kukoroga, katikati ya kisufuria palikuwa pamekwisha kuungua ilhali pembezoni unga ulikuwa bado mbichi. Nilipoongeza unga na kukaza mkono, kijiko kilikisukuma kisufuria, kisufuria kikalisukuma jiko lililosimama juu ya mtungi wake mdogo wa gesi, na vyote vikalala kwenye majani. Mpwa wangu alitazama kwa muda, kisha akauliza kwa adabu zote, "Mjomba, zile karanga ziko begi gani?"

Kisufuria chenyewe hakikuwa na kosa. Kimeundwa kwa ajili ya mtu anayechemsha maji, akayamimina kwenye mfuko wa chakula kilichokaushwa kiwandani, akasubiri dakika kumi, akala. Sehemu kubwa ya ushauri niliokuwa nimeusoma kuhusu vyombo vyepesi vya safari ilimlenga mlaji wa aina hiyo, na kwake ushauri huo ni sahihi. Mimi nilikuwa nimebeba unga, mchele, dagaa na vitunguu, lakini nikachagua chombo kwa kutazama mizani, bila kujiuliza kitakachopikwa ndani yake.

Nilipotulia nikagundua kwamba hata habari ya wepesi wa titaniamu nilikuwa nimeielewa nusu. Sentimita moja ya ujazo ya aluminiamu ina uzito wa gramu 2.7, ya titaniamu ni gramu 4.5, na ya stenlesi inakaribia gramu 8. Kwa hiyo titaniamu ni nzito kuliko aluminiamu. Wepesi wa vyombo vyake unatokana na nguvu ya madini hayo, ambayo humruhusu mtengenezaji kufanya ukuta wa sufuria uwe mwembamba sana na bado usibonyee ovyo. Tatizo ni kwamba titaniamu hupitisha joto kwa uvivu mkubwa, na aluminiamu safi huishinda zaidi ya mara kumi. Ukichanganya uvivu huo na ukuta mwembamba, moto unabaki pale pale ulipogusa: maji hayajali, kwa sababu yenyewe yanazunguka na kugawana joto, lakini uji, ugali na mchuzi mzito haviwezi kuzunguka, na vinaungua mahali palipo juu ya ulimi wa moto. Majiko madogo ya kufunga juu ya mtungi huongeza shida hiyo, maana mengi yana kichwa cha moto kisichozidi upana wa sarafu chache.

Stenlesi haisumbuliwi na nyanya wala ndimu, na inaweza kusuguliwa kwa mchanga, lakini kwa mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe sioni sababu ya kuipandisha mlima.

Tukifika kwenye aluminiamu, tumefika nyumbani. Anayetaka kuona vyombo vinavyoingia kimoja ndani ya kingine asihangaike na picha za maduka ya ng'ambo. Aende Kariakoo akatazame mnara wa sufuria, kubwa imemeza ndogo mpaka ya mwisho yenye ukubwa wa bakuli. Nilianzia hapo. Sufuria nyembamba ya kawaida yenye ujazo wa kama lita moja na nusu inagawa joto vizuri, ni rahisi, na ikibonyea hakuna anayelia. Ina kasoro mbili, hata hivyo, ambazo jikoni hatuzioni kwa sababu tumezizoea. Ya kwanza ni kwamba haina mkono: nyumbani tunainua kwa kitambaa mahali penye mwanga, lakini juu ya mtungi unaoyumba, gizani, vidole vikiwa na ganzi ya baridi, kitambaa ni mwaliko wa kuungua. Ya pili ni kwamba aluminiamu tupu huathiriwa na vyakula vichachu, na mchuzi wa nyanya au ukwaju ukikaa humo hupata ladha ya bati.

Ndipo nikafikia sufuria ninayoitumia sasa, ambayo ni ya aluminiamu iliyopitishiwa umeme ikiwa ndani ya tindikali hadi uso wake ukajenga tabaka nene na gumu la oksidi. Tabaka hilo, lenye rangi ya kijivu iliyokolea, haligombani na nyanya na halichubuki upesi. Ina ujazo wa lita 1.3, mikono miwili inayokunjwa ubavuni, na mfuniko wenye matundu madogo ya kumwagia maji. Kwenye mizani ya jikoni ilinionyesha gramu 190, yaani imezidi kile kisufuria cha titaniamu kwa uzito usiofika mayai mawili ya kuku. Kwa hayo mayai mawili nimepata chombo kinachotosha wali wa watu wawili.

Umbo lake lilinishughulisha kuliko nilivyotarajia. Kisufuria cha kwanza kilikuwa na upana wa sentimita 9.5 na urefu wa 11, kwa hiyo miali mingi ilipanda ubavuni na kupotea hewani. Hiki cha sasa kina upana wa sentimita 13.5 na kimo cha 9, kitako chake kinapokea moto karibu wote, na kwa kuwa ni kifupi hakipinduki upesi. Upana huo una faida nyingine: mtungi wa gesi wa gramu 230, ambao una kipenyo cha sentimita 11, unaingia ndani pamoja na jiko na kiberiti. Nautandikia kitambaa chembamba, maana kitako cha mtungi ni cha chuma, na kikilowa huacha duara la kutu ndani ya sufuria. Kitambaa hicho hicho ndicho cha kuoshea vyombo.

Uzito wa sufuria haukamiliki bila uzito wa moto wake. Jiko dogo la gesi hutumia takribani gramu 15 za gesi kuchemsha lita moja pasipo na upepo, na upepo unaweza kuongeza kiasi hicho sana. Kinga ya upepo ni ya lazima, ila isiuzungushie mtungi pande zote, kwa sababu joto likirudi kwenye mtungi unaweza kulipuka. Wenzangu wengine wanapenda jiko la spiriti, kama lile la Trangia kutoka Sweden, ambalo kichomeo chake cha shaba nyeupe kina gramu 110 na hakina kitu cha kuharibika. Ni jiko tulivu na linakaa chini, sufuria haiyumbi. Hata hivyo, kilo moja ya spiriti ina zaidi kidogo tu ya nusu ya nishati iliyomo katika kilo moja ya gesi, hivyo safari ikizidi siku tatu chupa inaanza kukuonea. Kwa anayesafiri kwa ndege, mtungi wa gesi hauruhusiwi kabisa, ununuliwe huko huko aendako. Na aulizie mapema ule wenye mdomo wa kufunga kwa parafujo, kwa sababu makopo marefu ya majiko ya mezani hayaingii bila kiunganishi.

Mlima Meru ulinifundisha jambo la mwisho. Kibanda cha Saddle kiko kwenye mita 3,570 hivi, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzi joto kama 88 tu. Maharage yaliyokuwa yakitokota humo kwa saa nzima yalitoka kama yalivyoingia. Tangu hapo sibebi chakula kinachodai moto mrefu. Mchele nauloweka mchana ndani ya chupa ninapotembea. Jioni nauchemsha dakika chache, nauepua maji yakiwa bado yanaonekana, kisha nauviringishia sweta sufuria yake. Nyumbani tungeupalia makaa juu ya mfuniko; hapa sweta ndiyo makaa, na baada ya robo saa wali umeiva pasipo gesi kupotea.

Vingine ni vichache. Kikombe kimoja cha plastiki ngumu ambacho pia ni kipimo, kijiko kirefu, kisu kidogo, na mfuniko unaotumika kama sahani. Kikaango sibebi, chapati zinapikwa nyumbani, na mayai yanachemshwa ndani ya maji yale yale ya chai, jambo ambalo mpwa wangu bado analipinga.

Ugali sijauacha. Nauweka kwa usiku tunaolala sehemu za chini za mlima tu, jiko likiwa juu ya udongo uliosawazishwa, mkono mmoja ukishika mikono ya sufuria na mwingine ukishika mwiko wa mti ambao niliukata mpini kwa msumeno hadi ukaenea ndani ya begi. Una gramu 40.